Mirija Miwili ya Mzee Kotani

Barua ilifika Jumanne mchana, wakati Mzee Kotani Isao ameinamia utumbo wa nguruwe juu ya meza ya jikoni. Alikuwa ameupasua kwa urefu, akaubana kwa pini nane kwenye kibao cha kukatia mboga, na sasa alikuwa akijaribu kuunyanyua utando wake wa ndani kwa kijimkono cha springi chembamba kama mguu wa mbu. Kilikuwa kijimkono cha arobaini na moja. Arobaini vya kwanza vilikuwa ndani ya kopo la biskuti, kila kimoja na namba yake, kama watoto waliofeli mtihani.

Mkewe, Fusae, aliingia na bahasha mbili za ofisi ya afya. Alifungua ya kwake, akaisoma, akaikunja. Akafungua ya mumewe, akaisoma, akavuta kiti.

"Baba," alisema. Tangu binti yao azaliwe hawakuitana majina tena. Ilikuwa Baba na Mama, hata sasa ambapo binti mwenyewe ameolewa huko Nagoya. "Damu imeonekana. Mirija yote miwili."

Mzee Kotani hakuinua kichwa. Masikio yalimwaka moto, lakini si kwa hofu ya ugonjwa. Yeye peke yake, katika mji wote wa Higashiosaka, ndiye aliyejua kwamba kilichokuwa ndani ya mirija ile hakikutoka tumboni mwake.

Vifaa vya kipimo cha choo vilikuwa vimekaa chooni wiki mbili nzima, juu ya rafu ya karatasi: kijiti, mrija wa siku ya kwanza, mrija wa siku ya pili. Fusae alimaliza chake mapema, kama anavyomaliza kila kitu. Mumewe kila siku alisema kesho. Aliona tu kwamba mwanamume wa miaka sitini na mitatu kuchokoa choo chake mwenyewe kwa kijiti, kisha kukipeleka ofisini katika bahasha yenye jina lake na anwani, ni kujishushia heshima. Siku ya mwisho Fusae alisimama mlangoni mwa karakana, koti liko mwilini, akamwekea kijiti na mirija yake mezani, akasema kituo kinafunga saa sita na yeye anaondoka baada ya dakika kumi. Mbele ya Mzee Kotani palikuwa na utumbo ambao Tabuchi, muuza matumbo wa mtaa wa pili, alikuwa amemletea bila kuuosha. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba usioshwe, eti majaribio yafanane na hali halisi. Alitazama utumbo. Akatazama mirija. Dakika kumi zilimtosha, na nyingine zikabaki.

"Nitamwona daktari mwezi ujao," alisema sasa, akirudia kuchokonoa kwa koleo. "Bila shaka ni kipimo kimekosea."

Fusae hakubisha. Hilo ndilo lililomtisha mumewe, kwa sababu katika miaka thelathini na minne ya ndoa Fusae alikuwa amebishana naye juu ya kila kitu, hata juu ya upande wa kuanzia kumenya chungwa. Aliinuka, akaenda kwenye sinki, akaanza kuosha mchele. Aliuosha mpaka maji yakawa angavu, akaendelea kuuosha.

Kaka yake Fusae alificha damu miaka miwili. Alisema ni bawasiri. Walimzika akiwa na miaka hamsini na minane.

*

Mzee Kotani alijaribu kukiri mara tatu wiki ile.

Mara ya kwanza alimkuta mkewe amepika nyama ya sukiyaki, ile nyama nzuri ambayo kwao hutoka mwaka mpya tu, naye anamwekea vipande vinono upande wake. Alivila vyote. Mara ya pili alimkuta amepiga magoti mbele ya picha ya kaka yake, anamweleza habari zote kwa sauti ya chini, na kumwomba asimwite shemeji yake mapema. Alirudi nyuma kwa ncha za vidole. Mara ya tatu alijikaza, akasafisha koo, akasema, "Mama, kuhusu ile mirija."

"Nimeshampigia Daktari Kuramochi," Fusae alijibu. "Amekupa nafasi Alhamisi ijayo."

Mzee Kotani aliweka kikombe chini. "Yule hapana."

"Kwa nini hapana? Miaka mitatu unaniambia kwamba kwa vifaa vyako huyo atakuwa daktari bora Osaka nzima. Unataka nikupeleke kwa nani, kwa Tabuchi?"

"Nakaa naye meza moja ya kazi. Baada ya hapo nitamtazamaje usoni?"

"Kwani yeye atakuja upande wa uso?"

Daktari Kuramochi alikuwa mdogo kuliko binti yao. Miaka mitatu nyuma aliingia katika karakana ile, ambayo kazi yake ilikuwa kutengeneza springi za kalamu na za kufuli, akauliza kama wanaweza kumtengenezea mkono. Alieleza shida yake kwa kuchora nyuma ya risiti. Kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana ni mpira mrefu wenye jicho na taa mbele, na tundu moja tu la kupitishia kisu. Daktari akitaka kuondoa kinyama kilichoota na kulala bapa, hukimenya kutoka chini polepole, lakini kile alichokwisha kumenya humwangukia kwenye jicho na kumziba. Angekuwa na mkono wa pili wa kukinyanyua, asingekata kwa kubahatisha. Na kukata kwa kubahatisha ndani ya utumbo, alisema, ni kuutoboa.

Mzee Kotani aliipenda kazi ile kupita kiasi. Alimpenda pia daktari, ila hakupenda kuambiwa. Kila alipompelekea kijimkono kipya, daktari alisema ni kigumu mno, kitachoma. Naye kila mara alijibu kwamba springi haina kasoro, isipokuwa mikono ya vijana wa siku hizi haina subira.

Sasa njia zilikuwa mbili. Akiri mbele ya mkewe na mbele ya daktari kwamba alipeleka choo cha nguruwe serikalini, au anyamaze, aende, apimwe, aonekane mzima, na jambo liishe kimya kimya. Aliona ya pili ina aibu ndogo zaidi. Hapo alikuwa bado hajaelezwa habari za ile kaptura.

*

Walimpa lita mbili za dawa ya kusafisha tumbo, yenye ladha ya maji ya bahari yaliyotiwa ndimu. Alizinywea hospitalini, katika chumba chenye watu sita, kila mtu na jagi lake, na vyoo vitatu kwa wote. Ukutani kulikuwa na picha tano zilizopangwa kwa namba, kuanzia choo cha kawaida hadi maji angavu ya rangi ya chai nyepesi. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia kwenye chumba cha kamera kabla ya kufika namba tano, na hakuna aliyeruhusiwa kujipa namba mwenyewe.

"Mzee Kotani, usivute maji mpaka nije," muuguzi alimwambia kutoka nje ya mlango. Aliingia, akachungulia kama mama anayekagua supu. "Bado. Hiyo ni tatu."

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, lakini chumba kizima kilisikia. Dereva wa teksi aliyekaa kiti cha jirani alikuwa ameshafika nne, naye alimtazama Mzee Kotani kwa huruma. Mzee Kotani, ambaye maishani hakuwahi kushindwa na dereva wa teksi kwa lolote, alianza kutembea ukumbini kwa hatua ndefu, mikono kiunoni, kwa sababu waliambiwa kutembea kunaharakisha. Dereva naye akainuka, akatembea. Walipishana mara kumi na nne bila kusalimiana. Mwishowe wakawa wanakimbia, kila mtu kuelekea mlango wake.

Saa saba kasoro robo muuguzi alitoa kichwa chooni akasema, "Tano. Hongera." Waliobaki wakapiga makofi. Mzee Kotani aliinama kidogo, na kwa nusu dakika aliona fahari ya kweli.

Ikaja kaptura. Ilikuwa ya karatasi ya buluu, yenye mpasuo mmoja mrefu. Kwa akili yake ya ufundi aliukagua mpasuo, akakata shauri kwamba ni wa kukojolea, akauweka mbele. Muuguzi alifungua pazia. Alimshika mabega, akamrudisha ndani aigeuze nyuma mbele.

*

Daktari Kuramochi alikuwa amevaa barakoa na miwani, na hilo lilisaidia. Alimlaza ubavu wa kushoto, akamwambia leo mwenye kusema ni yeye. Mzee Kotani alikuwa amejiapiza kutazama ukuta. Lakini skrini ilikuwa mbele ya pua yake, na fundi ni fundi. Baada ya dakika mbili alikuwa ameinua shingo kama kobe.

Alishangaa jinsi ndani mwake palivyokuwa pazuri. Palikuwa pa rangi ya waridi, panang'aa, mishipa imejichora kama mito kwenye ramani. Alimuuliza daktari kama watu wote wako hivyo. Alijibiwa kwamba watu wote wananyamaza.

Mpira ulipita kona ya kwanza, ukapita ya pili. Nyuma ya kunjo moja la ukuta kilitokea kitu bapa, chenye rangi iliyofifia kidogo kuliko pembeni, kama mahali ambapo chai imemwagika kwenye kitambaa ikafuliwa bila kutoka. Mtu mwingine asingekiona. Mzee Kotani alikuwa amekaa na picha za vitu hivyo miaka mitatu, amezibandika ukutani juu ya mashine yake. Alikitambua kabla daktari hajasimamisha mkono.

Daktari alinyunyiza rangi ya buluu, na mipaka yake ikajitokeza yote.

"Milimita ngapi?" Mzee Kotani aliuliza.

"Thelathini na mbili."

"Kimekaa pabaya."

"Pabaya sana," alisema daktari, na sauti yake haikuwa ya mtu wa mezani.

Baadaye, akiwa amevaa suruali yake, alikaa karibu na Fusae katika chumba cha ushauri na kutazama picha ile ikiwa imetulia. Daktari alieleza kwamba kinyama cha namna hiyo kikiachwa miaka michache hugeuka saratani inayotembea, na kwamba pengine kimeshaanza kugeuka juu juu. Kinaweza kuondolewa kwa kamera bila kupasua tumbo, ila kitahitaji utulivu. Wiki tatu kutoka leo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka mitatu: alimsifu. Alisema wanaume wengi wa umri wake hukikwepa kipimo cha choo kwa aibu ya kipuuzi, na kama Mzee Kotani naye angekikwepa, hili lisingejulikana hadi liwe limechelewa.

Fusae alishika mkono wa mumewe hadharani. Mzee Kotani alivumilia mengi siku ile, lakini hilo la mkono lilimshinda.

"Daktari," alisema. "Kile choo hakikuwa changu."

Daktari Kuramochi aliinua macho kutoka kwenye faili. "Kilikuwa cha nani?"

"Cha nguruwe."

Fusae aliuachia mkono polepole, kidole kimoja kimoja. Mzee Kotani aliendelea kwa haraka, akaeleza kituo, saa sita, dakika kumi, utumbo usiooshwa, na jinsi alivyokusudia kukiri mara tatu na nyama ya sukiyaki ikamzuia. Alipomaliza alikuwa anazungumza na sakafu.

"Haiwezekani," alisema daktari. Alivua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Kipimo kile kinatambua damu ya binadamu peke yake. Damu ya nguruwe hakiioni. Ungepeleka ng'ombe mzima, majibu yangekuja safi. Naomba kuona mikono yako."

Mzee Kotani aliiweka mezani. Ni mikono ya mtu anayekunja waya mwembamba siku nzima. Vidole vinne vilikuwa na plasta, na cha tano, cha shahada cha mkono wa kulia, kilikuwa na kovu jipya la mkato ambao siku ile haukufungwa plasta, kwa sababu ukiwa na plasta huwezi kushika kijiti kidogo.

"Hiyo damu," alisema daktari, "ni ya kidole."

Fusae aliutazama mkato ule. Aliuliza taratibu kabisa, kama anayehakikisha bei dukani: "Kwa hiyo huyu angefuata maagizo kama watu wengine, labda majibu yangekuja safi, na angebaki na kitu kile tumboni?"

"Labda. Kinyama bapa si kila siku hutoa damu."

"Na angenawa mikono na kufunga plasta, vivyo hivyo?"

"Vivyo hivyo."

Fusae aliinama kumshukuru daktari, akachukua mkoba wake, akatoka. Kwenye treni alikaa mstari wa upande wa pili.

*

Siku tatu waliwasiliana kwa vikaratasi kwenye mlango wa friji. *Tambi ziko kwenye sufuria. Hazina nguruwe.* Mzee Kotani alijibu kwa mwandiko wake bora kabisa: *Asante. Zilikuwa tamu.* Kikaratasi kilichofuata kilisema: *Sikuuliza.*

Siku ya nne Fusae alivaa nguo za kutokea, akanunua sanduku la biskuti za mchele lililofungwa kwa karatasi ya heshima, akamwamuru mumewe amfuate. Walikwenda mpaka kwa Tabuchi. Muuza matumbo alikuwa nyuma ya kaunta na aproni yake yenye madoa. Fusae alimkabidhi sanduku kwa mikono miwili, akainama mpaka kichwa kikafika usawa wa maini.

"Tumekuja kushukuru," alisema.

Tabuchi aliinama naye, kwa sababu mtu akikuinamia huna budi. "Kwa lipi, mama?"

"Kwa nguruwe wa mwezi uliopita."

Tabuchi alimtazama Mzee Kotani, ambaye alikuwa anasoma bei za figo. Alieleza kwa upole kwamba nguruwe yule hayupo tena. Wateja walimchoma juma lile lile, na hakuna aliyelalamika.

"Basi uwagawie wao," alisema Fusae, na akaaga.

Walipofika kwenye mashine ya kuuza vinywaji ya kona ya pili, alisimama, akaishikilia kwa mkono mmoja, na mabega yakaanza kumtikisika. Mzee Kotani alidhani analia. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, hawezi kupumua, anajaribu kusema neno "kidole" na kushindwa. Mumewe hakuthubutu kucheka pamoja naye. Alisubiri kando na leso yake mkononi.

Alipotulia, alijifuta uso kwa leso hiyo. "Kaka yangu aliona aibu," alisema. "Mimi nimeshazika mtu mmoja aliyekufa kwa aibu. Wa pili simziki. Ukirudia, nitakuacha hivyo hivyo karakanani na springi zako."

"Sirudii."

"Na yale matumbo yaoshwe."

"Yataoshwa."

*

Siku ya kuondolewa kinyama, Mzee Kotani alikwenda hospitalini na kijimkono namba arobaini na moja ndani ya kikasha cha miwani. Aliomba kitumike kwake yeye. Alisema yuko tayari kutia sahihi karatasi yoyote. Daktari Kuramochi alimwambia kwamba kifaa kisichoidhinishwa hakiingii ndani ya mtu, hata mtu huyo akiwa ndiye aliyekitengeneza. Kisha akaongeza kwamba hata kingeidhinishwa, asingekitumia.

Kwa hiyo kazi ilifanywa kwa njia ya zamani, ile ile ambayo Mzee Kotani aliisikia ikilalamikiwa miaka mitatu. Walimchoma dawa ya kumtuliza, lakini si ya kumlaza, na macho yake yakabaki kwenye skrini. Daktari alipitisha maji chini ya kinyama mpaka kikavimba kama andazi. Akaanza kukata pembeni. Kila kipande kilichoachia kilijikunja na kumwangukia kisuni. Alirudi nyuma, akakisukuma, akakata kidogo, kikaanguka tena.

Alichokiona Mzee Kotani, ambacho hakuwahi kukiona jikoni kwake, ni kwamba hakuna kilichotulia. Akivuta pumzi, ukuta wote unakuja. Akishusha, unaondoka. Moyo ukipiga, pale nyuma ya kunjo panaruka. Utumbo wa Tabuchi ulikuwa umebanwa kwa pini nane na umekufa. Huu wake haukuwa na pini hata moja.

Akaamua kumsaidia daktari. Akabana pumzi. Ukuta ulitulia kweli, na kwa sekunde ishirini kisu kilikwenda vizuri, mpaka mashine iliyoungwa kwenye kidole chake ilipoanza kulia.

"Mzee, pumua," alisema muuguzi.

"Namsaidia daktari."

"Usinisaidie," alisema daktari, bila kuondoa macho. "Pumua kama mtu wa kawaida."

Alipumua. Alitazama ukuta wake ukija na kuondoka, akapiga hesabu ya kijimkono chake kilivyochomoza mbele, kigumu, kilichonyooka, milimita nane. Kingekuwa kimo mle sasa hivi, pumzi ya tatu tu ingekisukuma upande wa pili. Jasho lilimtoka kwenye nywele. Si kwa maumivu, hakusikia maumivu.

"Daktari," alisema. "Ulisema kweli. Ni kigumu mno."

"Najua."

"Uliniambia mara tatu."

"Mara tano. Geuka, lalia ubavu wa kulia."

Waligeuza mwili wake, nyaya na mipira yote. Na kwa kule kugeuka tu, kile kipande kilichomenywa kikaning'inia upande wa pili kwa uzito wake, mbali na jicho, na pale chini pakaonekana peupe kabisa. Mzee Kotani alikitazama kikibembea. Vijimkono arobaini na moja, miaka mitatu, na mtu amegeuzwa kama samaki kikaangoni, basi. Alitamani kucheka, lakini aliambiwa asitikisike.

Ilichukua saa mbili na dakika kumi. Wiki moja baadaye majibu ya maabara yalikuja: kilikuwa kimeanza kuharibika, juu juu tu, na kimetoka chote na mizizi yake. Hakuhitaji kupasuliwa wala kupewa dawa. Atachunguzwa kila mwaka. Fusae aliisoma karatasi mara mbili, akaenda kuosha mchele, na safari hii aliuosha kama kawaida.

Siku aliyoruhusiwa kushika waya, Mzee Kotani alimwaga kopo la biskuti lote kwenye ndoo ya chuma chakavu. Kipya alikitengeneza kwa waya laini, hakichomozi mbele hata kidogo. Kimelala ubavuni mwa kamera kama ukucha wa paka, kinafunguka kikivutwa, na ukuta ukikisogelea kinasalimu amri kisha kinarudi. Pini alizitupa. Fusae ndiye aliyeushika utumbo kwa mikono miwili, uliooshwa, akiuvuta na kuuachia.

"Pumua, Mama," mumewe alimwambia kutoka kwenye hadubini.

"Napumua mimi au nguruwe?"

"Nguruwe."

Cha arobaini na mbili kilivunjika. Cha arobaini na saba Daktari Kuramochi alikitumia jikoni pale pale saa nzima, hakusema ni kigumu. Aliomba chai.

*

Mkutano ulikuwa Tokyo, kwenye kampuni ya kutengeneza kamera za tumbo, ghorofa ya kumi na tisa. Wakubwa kumi na mmoja walikaa upande mmoja wa meza. Mzee Kotani alikuwa amevaa suti aliyomwozea binti yake. Ilimbana kifuani, ila kiunoni ilimwachia nafasi, kwa sababu ya tambi zile zisizo na nyama. Daktari Kuramochi ndiye aliyesema. Alionyesha michoro, akaonyesha filamu za majaribio, akaeleza mkono laini unaofuata pumzi ya mgonjwa. Walimuuliza maswali saa nzima. Hatimaye mkuu wao, mzee mwembamba wa nywele nyeupe, alisema kampuni itakichukua kifaa kwa majaribio rasmi, na kwamba itachukua miaka, lakini itakichukua.

Aliomba jambo moja zaidi: kuona mahali penyewe, ndani ya mtu aliye hai, ili wahandisi wake waelewe ugumu.

Daktari aliweka picha. Ilijaza ukuta mzima, mita tatu kwa nne. "Mwanamume, miaka sitini na mitatu," alisema, akaishia hapo. Mzee Kotani alilitambua kunjo, akaitambua mishipa kama mito. Alikumbuka fomu ya ruhusa ambayo alitia sahihi wodini, siku ambayo angetia sahihi chochote ili aletewe uji. Hakuna jina lililoandikwa. Alitazama mikono yake.

Wahandisi walisimama wakasogea karibu. Walionyeshana kona kwa vidole. Walipima kwa macho. Mzee wa nywele nyeupe alibaki kwenye kiti chake, amekunja mikono, akitazama kwa muda mrefu kama mtu aliyeona maelfu ya picha za namna ile.

"Ukiacha hicho kinyama," alisema, "huu ni utumbo mzuri ajabu. Msafi. Rangi yake safi. Mtu huyu anatunzwa."

Chumba kilikubaliana naye. Daktari Kuramochi aliinamia makaratasi yake ghafla, kama aliyepotewa na ukurasa.

Na Mzee Kotani, kabla hajajua anafanya nini, alikuwa ameshasimama, visigino pamoja, mikono kwenye mishono ya suruali. Aliinama mbele ya wakubwa wote kumi na mmoja, chini kabisa, kwa heshima zake zote.

"Ahsanteni sana," alisema. "Anayepika ni mke wangu."